Dawa za Maumivu ya Uchungu na Kunyonyesha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Uchungu ukishakolea, si wakati wa kuanza kuuliza dawa ipi itamfanyaje mtoto. Maswali haya yasomwe mapema, mama akiwa bado anahudhuria kliniki na akili imetulia. Tumemwandikia mama anayetarajia kujifungua Dar es Salaam, na ndugu atakayekaa naye saa zile za kwanza, maana mara nyingi ni ndugu huyo anayeokoa unyonyeshaji.

Nikikubali dawa ya maumivu, nitashindwa kunyonyesha?

Hapana. Akina mama wengi hupewa dawa na wananyonyesha vizuri tu. Baadhi ya dawa huchelewesha mwanzo: mtoto huzaliwa na usingizi, hatafuti ziwa, au anashika chuchu na kuiachia. Mwanzo uliochelewa unarekebishika, ilimradi mtu amegundua mapema na anajua la kufanya.

Kuna jambo watu hulichanganya. Dawa ya leba humfikia mtoto kupitia kondo la nyuma, kabla hajazaliwa. Haimfikii kwa maziwa kwa kiasi cha kuogopesha. Dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya siku ya kwanza, hutoka kwa matone na vijiko vya chai, na dawa inayopenya humo ni kidogo mno. Iliyompa mtoto usingizi ni ile iliyokwisha kuvuka kitovu. Kwa hiyo kumnyima ziwa “hadi dawa iishe mwilini mwa mama” hakumwamshi. Kunamkosesha chakula na kinga.

Tena maumivu yenyewe yana gharama. Mama aliyekaa na uchungu mkali saa nyingi, bila kulala, akiwa na hofu, mwili wake hutoa homoni za msongo zinazozuia oksitosini, homoni inayosukuma maziwa yatoke. Maziwa yake huweza kuchelewa kuingia hata kama hakuguswa na sindano. Ndiyo maana hatumwambii mama ajikaze kwa ajili ya kunyonyesha. Tunamwambia ajue mambo matatu: amepewa dawa gani, kiasi gani, saa ngapi.

Kwa nini saa?

Kwa sababu saa ndiyo inayotabiri hali ya mtoto. Muulize muuguzi anapokuja na sindano: “Sista, hii ni dawa gani, na kiasi gani?” Anayekusindikiza aandike kwenye simu: “pethidini 100 mg, saa 5 usiku.” Mtoto akizaliwa saa 7 na nusu usiku, zimepita saa mbili na nusu, na huo ni muda ambao dawa imemwingia sawasawa. Mtoto huyo tegemea alale. Kama huna msindikizaji, yote yamo kwenye faili lako. Omba usomewe kabla ya kuruhusiwa, na yaandikwe kwenye kadi. Muuguzi wa zamu inayofuata, au wa kituo cha karibu na kwenu utakakokwenda siku ya tatu, atakusaidia vizuri zaidi akiyaona.

Pethidini humfanyaje mtoto?

Pethidini ni dawa kali ya maumivu, ya jamii ya morfini. Huchomwa kwenye msuli, kwa kawaida miligramu 50 hadi 100, na huanza kufanya kazi baada ya kama dakika 20. Haiondoi uchungu wote. Inaupunguza makali na kumpa mama usingizi kati ya uchungu mmoja na mwingine. Wengine huhisi kichefuchefu na kizunguzungu. Ukichanganyiwa na prometazini kuzuia kutapika, usingizi huongezeka kwako na kwa mtoto.

Athari kwa mtoto hutegemea muda. Akizaliwa ndani ya saa moja baada ya sindano, dawa nyingi bado haijamfikia. Akizaliwa kati ya saa 2 na 3 hivi, ndipo huwa mzito zaidi, na anaweza hata kuchelewa kupumua vizuri. Kwa hiyo wakunga husita kuichoma mlango wa uzazi ukishakaribia kufunguka wote, na sehemu inapotolewa panapaswa kuwa na kifaa cha kumsaidia mtoto kupumua pamoja na naloksoni, dawa inayopunguza nguvu za pethidini. Mkunga akikuambia “sasa umeshachelewa,” mara nyingi sababu ni hii. Si ukatili.

Tatizo kubwa la pethidini ni kwamba ini la kichanga huivunja polepole sana. Ikivunjwa hubaki norpethidini, ambayo nayo hulewesha, na kwa mtoto mchanga mabaki yake huweza kuchukua siku 3 au zaidi kuisha. Kwa hiyo usishangae mtoto akiamka siku ya kwanza, akanyonya mara moja vizuri, kisha akasinzia tena siku ya pili. Hajakataa ziwa na wala maziwa yako hayana kasoro.

Hapa tuna msimamo: baada ya kujifungua, na hasa baada ya upasuaji, pethidini isiwe dawa ya kurudiwa-rudiwa kwa mama anayenyonyesha. Dozi zinazorudiwa ndizo hujilimbikiza kwa mtoto kupitia maziwa. Kama dawa kali inahitajika, morfini kwa kipimo kidogo na kwa muda mfupi ni chaguo bora. Muulize daktari wa zamu bila kuona haya.

Na epidurali, ile sindano ya mgongo inayoachwa na mrija?

Mtaalamu wa usingizi hupitisha mrija mwembamba kiunoni, nje kidogo ya utando unaofunika uti wa mgongo, kisha dawa hupita humo hadi mtoto azaliwe. Huwa ni mchanganyiko wa bupivakaini, dawa ya ganzi, iliyopunguzwa hadi asilimia 0.0625 au 0.125, pamoja na fentanili, dawa kali ya maumivu ya jamii ya morfini, mara nyingi mikrogramu 2 katika kila mililita. Kwa kuwa inahitaji mtaalamu, mashine na uangalizi wa mapigo ya moyo ya mtoto, haipatikani kila mahali hapa mjini. Uliza kliniki mapema, wiki ya 34 hivi: Ipo? Ipo na usiku? Bima inalipia, au nitatoa mfukoni?

Bupivakaini humfikia mtoto kidogo sana. Mjadala ni juu ya fentanili. Utafiti uliofanyika New York na kutolewa mwaka 2005, kwa akina mama waliowahi kunyonyesha, ulionyesha kwamba waliopewa zaidi ya mikrogramu 150 waliacha kunyonyesha mapema kwa wingi zaidi kufikia wiki ya 6. Utafiti mwingine wa Chicago, mwaka 2017, uliotumia mchanganyiko dhaifu wa fentanili, haukuona tofauti. Kwa hiyo kiasi kina maana. Piga hesabu: mashine ikipitisha mililita 10 kwa saa, hiyo ni mikrogramu 20 kwa saa, na mikrogramu 150 hufikiwa baada ya saa saba na nusu. Leba ya mtoto wa kwanza hufika huko kirahisi. Hiyo si sababu ya kuikataa. Ni sababu ya kujipanga kumsaidia mtoto saa za mwanzo.

Kuna njia nyingine ambazo epidurali hugusa unyonyeshaji bila dawa kumfikia mtoto. Hatua ya kusukuma huweza kurefuka, na uwezekano wa kuvutwa mtoto kwa kifaa huongezeka, naye huzaliwa na kichwa kinachouma. Huyu mpakate kwa namna isiyokigusa kichwa: mkono ushike mabega na shingo, si kisogo. Mama pia huweza kupata homa wakati wa leba. Homa hiyo humfanya mtoto achunguzwe, na pengine apelekwe wodi ya watoto. Kutenganishwa huko huharibu zaidi kuliko fentanili. Omba utenganishwe naye kwa muda mfupi kadiri iwezekanavyo, na anza kukamua.

Nikifanyiwa upasuaji?

Kwa sindano ya uti wa mgongo unabaki macho, ganzi hukaa saa 2 hadi 3, na dawa inayomfikia mtoto ni kidogo. Mtoto akiwa mzima, anaweza kuwekwa kifuani kwako hata kabla hujamaliza kushonwa, au mara tu unapotolewa chumba cha upasuaji. Waambie mapema kwamba unataka hivyo, kwa sababu mazoea ya sehemu nyingi ni kumfunga mtoto khanga na kumpeleka kwa ndugu nje. Ganzi ikiwa bado haijaisha ndipo nyonyesha, maana hujaanza kuumia.

Kwa nusu kaputi, mtoto huweza kuzaliwa amelegea kidogo, kisha hupata nguvu. Wewe unaruhusiwa kunyonyesha ukishaamka, unajibu maswali vizuri na una nguvu ya kumshika. Huhitaji kukamua na kumwaga. Dawa za kulaza hutoka haraka kwenye damu, na kilichobaki kwenye dang'a hakimdhuru mtoto aliyetimiza miezi.

Baada ya upasuaji mkao ndio huwashinda wengi. Lala ubavu, mto mgongoni, mtoto amelazwa akikutazama. Au mpakate chini ya kwapa, miguu yake ikielekea nyuma, ili asiguse mshono.

Gesi, na ganzi ya kuongezewa njia?

Gesi ya nitrasi, ile inayovutwa kwa pumzi kupunguza uchungu, hutoka kwa pumzi ndani ya dakika chache. Ganzi ya lidokeini inayochomwa mahali pa kuongezewa njia au pa kushonwa, mililita 10 hadi 20 za asilimia 1, hubaki hapo hapo. Nyonyesha hata unaposhonwa, ukiweza.

Mtoto amelala tu, hataki ziwa. Nifanyeje?

Hapa ndipo kazi ilipo, nasi tutakaa hapa kidogo.

Mvue mtoto abaki na nepi. Vua blauzi na sidiria. Mlaze kifuani, tumbo kwa tumbo, kichwa kikiwa upande, pua na mdomo vikionekana, shingo haijakunjika, kisha funikeni mgongo wake kwa khanga kavu. Joto la Dar linatosha, hahitaji blanketi zito, ila feni isimpulize moja kwa moja. Kaa hivyo saa nzima, zaidi ikiwezekana. Kumuogesha kusubiri saa 24 kama linavyoshauri Shirika la Afya Duniani. Kuogeshwa mapema humpoza na kumkatisha mtoto aliyeanza kutafuta ziwa.

Jambo la usalama: kama ulipewa pethidini, na wewe una usingizi. Usibaki peke yako na mtoto kifuani. Ndugu aliye macho akae karibu, aangalie rangi ya midomo na pumzi. Hakuna ndugu? Mwambie muuguzi.

Mtoto aliyepewa dawa mara nyingi hatalia kwa njaa. Tafuta dalili ndogo: anatikisa macho chini ya kope, anachezesha ulimi, anapeleka mkono mdomoni, anageuza kichwa. Ukiona moja, mlete kwenye ziwa hapo hapo, kabla hajarudi kulala. Kamua tone moja, mpake mdomoni. Mdomo ukifunguka wote, msogeze yeye kwenye ziwa, kidevu kiguse kwanza, ameze sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu. Akinyonya mara tatu na kuacha, libane ziwa taratibu kwa kiganja ili tone liingie, atameza na kuanza tena.

Usimpige nyayo, usimmwagie maji baridi, usimfinye. Anakasirika, anafunga mdomo, na analihusisha ziwa na karaha. Kumbadilisha nepi na kumsugua mgongo kwa upole kunatosha.

Usiache zipite saa 3 bila kumjaribu, mchana na usiku. Lengo ni mara 8 hadi 12 kwa siku. Asiponyonya, kamua na mpe kwa kijiko.

Nakamuaje dang'a?

Nawa mikono kwa sabuni. Sugua ziwa kwa upole dakika moja au mbili. Weka kidole gumba juu na vidole viwili chini, sentimita 2 hadi 3 kutoka kwenye chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana vidole vikutane, achia. Sukuma, bana, achia, bila kuteleza juu ya ngozi. Matone yakikoma, zungusha vidole mahali pengine, kisha hamia ziwa la pili, halafu urudie la kwanza. Makosa mawili ya kawaida ni kufinya chuchu yenyewe, ambako huuma na hakutoi kitu, na kukata tamaa baada ya dakika moja.

Kinga kwa kijiko safi, au vuta kwa bomba jipya la sindano lisilo na sindano. Siku ya kwanza ukipata nusu kijiko cha chai, umefanya vizuri, kwani mlo mmoja wa mtoto siku hiyo ni mililita 2 hadi 10 tu. Pampu haifai siku hizi za mwanzo, dang'a ni nzito na huishia kwenye plastiki.

Mtoto aamke kwanza, awe wima mapajani, kijiko kiguse mdomo wa chini, alambe mwenyewe. Kumimina humpalia, na aliyelala kabisa hapewi chochote mdomoni. Kwa joto letu, dang'a iliyokaa nje itumike ndani ya saa 4.

Matiti yamevimba, weusi umekuwa mgumu, mtoto anateleza. Ni maziwa?

Ukiwa umepewa chupa kadhaa za drip, au drip ya kuongeza uchungu kwa saa nyingi, inaweza kuwa maji tu yaliyojaa kwenye tishu, kama yalivyojaa miguuni. Kukamua kwa nguvu huyavuta zaidi mbele. Weka ncha za vidole kuzunguka chuchu, kandamiza kuelekea kifuani kwa sekunde 60 bila kuachia, zungusha, rudia. Weusi ukilainika, mpe mtoto papo hapo.

Amepungua uzito. Wanasema nimpe maziwa ya kopo.

Mtoto yeyote hupungua siku za kwanza. Maji ya drip uliyopewa huingia kwake pia, huongeza uzito wa kuzaliwa, naye huyakojoa ndani ya saa 24. Kwa hiyo kama ulipewa maji mengi, omba apimwe tena akitimiza saa 24, na uzito huo utumike kulinganisha. Mtoto wa kilo 3.2 akifika 2.88, amepungua asilimia 10. Hapo anahitaji kuangaliwa na mtaalamu, jinsi anavyoshika ziwa ikaguliwe, na maziwa yako mwenyewe ya kukamua yaongezwe kwanza. Maziwa ya kopo yana nafasi yake daktari akiona hitaji. Yasiwe jibu la kwanza kwa mtoto aliyelala kwa dawa.

Angalia nepi: mkojo mara moja siku ya kwanza, mbili ya pili, tatu ya tatu, na kuanzia siku ya tano angalau mara 6. Choo cheusi kigeuke kijani, kisha njano ifikapo siku ya tano. Uzito wa kuzaliwa urudi kufikia wiki ya pili.

Mama mkwe anasema dang'a ina sumu ya dawa, ikamuliwe imwagwe.

Mama anasema hivyo kwa kumpenda mjukuu. Mweleze kwa heshima kwamba dawa ilipita kwenye kitovu, na kwamba dang'a ndiyo chanjo ya kwanza ya mtoto na humsaidia kutoa choo cheusi, jambo linalopunguza manjano ya ngozi na macho. Maji ya glukosi, maji ya zamzam, asali na dawa za tumbo hujaza tumbo dogo, na mtoto mwenye usingizi akishiba maji hana sababu ya kuamka. Asali pia ina hatari yake kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Mpe mama kazi nyingine: uji wa pilipili manga, na kushika saa ili zisipite tatu bila mtoto kunyonya. Ataifanya vizuri kuliko mtu yeyote.

Dawa gani ni salama nikishajifungua?

Parasetamoli gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Ibuprofeni miligramu 400 kila saa 8 baada ya chakula, au diklofenaki miligramu 50 kila saa 8. Chagua moja kati ya hizo mbili, unaweza kuiunganisha na parasetamoli. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa hizi au presha kali ya ujauzito aulize kwanza. Zimeze kwa saa, usisubiri uumie. Zinafaa pia kwa chango, lile tumbo linalosokota unaponyonyesha, hasa kwa mwenye uzao wa pili na kuendelea. Hiyo ni oksitosini ikikaza mfuko wa uzazi, dalili kwamba mtoto ananyonya kweli.

Usinunue tramadoli wala kodeini dukani. Baadhi ya akina mama, kwa maumbile yao, huzigeuza kuwa dawa kali zaidi mwilini, na zimewahi kuwazuia watoto kupumua vizuri. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya dhidi yake kwa wanaonyonyesha mwaka 2017. Aspirini ya kutuliza maumivu nayo acha.

Nikitaka kupunguza dawa leba, kuna njia?

Zipo, na hazina athari kwa mtoto. Kuwa na mtu unayemwamini karibu husaidia sana, uliza kama wodi inaruhusu, maana penye vitanda vilivyosongamana huwa vigumu. Tembea, chuchumaa, inama ukishika kitanda. Msindikizaji akandamize kiunoni kwa kiganja wakati uchungu unapanda, au kwa kitambaa cha maji ya moto. Mitishamba ya kuongeza uchungu usiinywe. Huweza kukaza uchungu kupita kiasi, mtoto akakosa hewa na kuzaliwa amechoka mno asiweze kunyonya. Kama umeshakunywa, mwambie mkunga bila kuficha.

Nina VVU na natumia dawa. Kuna tofauti?

Dawa za maumivu hazibadilishi kitu. Endelea na ARV, mtoto apewe dawa yake ya kinga, anyonye maziwa yako pekee miezi 6. Kwako kumchanganyia maji au kopo kwa sababu amelala ni hatari zaidi kuliko kwa wengine.

Nitatofautishaje usingizi wa dawa na ugonjwa?

Mtoto mwenye usingizi wa dawa huamka ukimvua na kumsugua, hukunja vidole, ana rangi nzuri, anapumua mara 30 hadi 60 kwa dakika. Hesabu dakika nzima, amelala. Mpeleke hospitali papo hapo, hata usiku, hata kwa bajaji, kama haamki kabisa, amelegea kama kitambaa, midomo ni ya bluu, anapumua zaidi ya mara 60, anakoroma au kifua kinabonyea, ana joto la 37.5 au zaidi, au ni wa baridi chini ya 35.5, anadegedege, ana manjano ndani ya saa 24 za kwanza au manjano yaliyofika viganjani na nyayoni, au ameacha kunyonya baada ya kuwa ananyonya vizuri. Njiani abaki kifuani mwako, ngozi kwa ngozi, na simu yenye jina la dawa, kiasi na saa iwe mkononi.